Manyigu wamejenga kijiji chini ya paneli zangu za sola, fundi kagoma kupanda

Mwana_Ipuli

Wakuu mwangaluka, naombeni msaada kabla sijafanya ujinga.

Niko Tabora mjini, Ipuli kwa ndani. Juu ya bati nina paneli nne za wati 330, mwaka wa tatu huu, zinasukuma friji, tv, taa na pampu ndogo ya kisima. Mwezi wa pili nikaanza kuona manyigu mawili matatu yanaingia chini ya paneli upande wa jua linapozama, nikasema aah manyigu tu hayo, nani hajakua na manyigu kwenye kenchi za nyumba yao. Mvua ikakolea nikaacha kupanda juu kabisa.

Sasa wiki mbili hizi chaji imeanguka. Zamani saa sita mchana kontrola, kile kiboksi kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, ilikuwa inasoma wati 900 na ushee, sahivi jua linawaka mpaka kuku wanajificha uvunguni mwa gari la jirani na haifiki 450. Friji inazima usiku wa manane. Nikaita fundi aje asafishe vioo acheki na waya. Kaegemeza ngazi, kapanda, kichwa kilipofika usawa wa bati kaganda hapo kama sekunde tano, kashuka kwa spidi ambayo hakupandia. Ananiambia "mzee, kule juu kuna kijiji." Kafunga begi la spana, kadai hela ya boda, kasepa. Simu yangu hapokei mpaka leo.

Wife anasema manyigu ndo wanatafuna waya. Jirani anasema nimwage petroli. Mama mkwe, ambaye yuko hapa tangu Pasaka na dalili za kuondoka sizioni, anasema niwaache maana nyigu akijenga kwako amekuja na neema. Chini ya hizo paneli ndo mlango wa jikoni na ndo watoto wanacheza, jana mdogo kadungwa sikioni.

Nifanyeje?

Kiboko_ya_Dagaa

Uzi bila picha ni umbea. Tuone hao wanakijiji.

Mwana_Ipuli

Mkuu picha ntapigaje, simu yangu haina mabawa.

Tumbaku_Boy

Jirani yako yuko sahihi. Chupa ya maji ya kunywa, toboa kifuniko, jaza petroli, rushia mchana wengi wakiwa wameenda kutafuta. Hata kiberiti huhitaji ile harufu tu inawamaliza. Huku Urambo kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ndo tunavyofanya miaka yote na hakuna aliyekufa.

FundiWaya

Tumbaku Boy bani la tumbaku halina umeme, usimpeleke mwenzio kaburini.

Mwana Ipuli nisikilize vizuri. Paneli haizimwi. Ukishusha breka huku chini umekata njia ya kuja kwenye kontrola, lakini kule juu maadam kuna jua zile waya bado ziko hai. Paneli ya 330 ikiwa haijabeba mzigo inatoa volti 45 hivi, mbili ukiziunga mkia kwa kichwa unapata 90. Na huu umeme sio kama wa ukutani. Ule wa ukutani unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde kwa hiyo cheche ikitokea inapata nafasi ya kujikata, huu wa sola unatiririka moja kwa moja, cheche ikishika inaendelea kuunguza. Sasa we unataka kumwaga petroli hapo, saa saba mchana, juu ya bati la moto, mtu yuko kwenye ngazi anakimbizwa na nyigu. Hata isipowaka, petroli inakula ile ngozi nyeupe ya mgongoni mwa paneli na mpira wa pembeni, baada ya hapo unyevu unaingia na paneli imekwisha.

Halafu swali. Zimefungwaje hizo nne? Kama ni mbili mbili halafu mafungu mawili yanakutana, kutoka 900 kwenda 450 ni nusu kamili. Hapo fungu moja limekatika mahali. Nyigu hana hesabu nzuri hivyo.

Mwana_Ipuli

Ni mbili mbili kweli mkuu. Ila nyigu wameanza ndo chaji ikafuata kushuka, sa ntaachaje kuwashuku.

FundiWaya

Jogoo asipowika kutakucha mzee.

Nyigu wako chini ya paneli, mwanga unatoka juu. Sega halitii kivuli. Kinyesi cha njiwa au jani la mwembe likiganda juu ya kioo hapo ntakuelewa, maana vile vijichumba vya paneli vimeungwa mstari mmoja, kimoja kikizibwa kinawarudisha nyuma wenzake. Na waya hawatafuni, anayetafuna waya ni panya. Ila sikatai waondoke, maana bila wao kuondoka hakuna fundi atakayepanda kuangalia hiyo koneksheni. Hata mimi sipandi.

Bi_Mwanga

Mwakeye wote, niko Kigoma Mwanga, huku mwisho wa reli.

Msiwasafishe sana hao wadudu jamani, inategemea ni yupi. Mi sola nilifunga zamani kabla gridi ya taifa haijatufikia, enzi zile mji mzima unalala kwa muungurumo wa majenereta. Sasa kuna mwaka inverta yangu, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikawa inazima kila saa nane mchana, inapiga kelele pii pii, inaandika joto. Nikabadilisha betri nikijua ndo tatizo, hela ikaenda bure. Siku moja nimepitisha kitambaa kufuta vumbi nikaona kwenye yale matundu ya kupumulia kuna udongo mkavu kama vidole vimelazwa. Nyigu wa udongo, yule mweusi mwenye kiuno kama uzi. Kaingia hadi ndani kasiliba feni, pangaboi lenyewe limekwama halizunguki.

Nikazima kila kitu nikachukua bisibisi nikavunja kale kadole ka kwanza. Yesu. Zikamwagika buibui, ndogo ndogo, za kijani na kahawia, nyingi, zimepangwa kama dagaa kwenye kisado, na miguu bado inacheza. Niliruka nikapiga yowe mpaka jirani akaja na panga.

Kiboko_ya_Dagaa

"Jirani akaja na panga" 😂😂 Kigoma oyee

Mzinga_wa_Gome

Bi Mwanga umeeleza vizuri. Huyo mfinyanzi anamdunga buibui anapooza bila kufa, anamjaza kwenye kichumba, anataga yai moja, anaziba. Mtoto akianguliwa anakuta nyama mbichi haijaoza. Wa namna hiyo anaishi peke yake, hana jeshi la kulinda, ukimbomolea anaenda kutafuta tope kwingine. Hatari yake ni udongo, mdungo wake usiuogope sana.

Wanaokimbiza fundi ni wengine, wale wembamba wenye miguu mirefu inayoning'inia wakiruka. Watu wengine wanawaita mavu, wengine dondora, mi nawaita nyigu wa karatasi kwa sababu sega lao ni karatasi kabisa. Wanakwangua mbao kavu, wanatafuna na mate, wanapaka. Ukikaa kimya karibu na mlango wa zamani usio na rangi unawasikia wanakwangua, krr krr. Sega linaning'inia kwenye kikonyo kimoja na mdomo unaangalia chini, na kile kikonyo malkia anakipaka dawa yake ya kufukuza sisimizi. Chini ya paneli wanapapenda kwa sababu mvua haifiki, jua halifiki, joto lipo na hakuna mtu anapita.

Lakini Mwana Ipuli kabla ya yote hakikisha sio nyuki. Mi niko Sikonge nafuga, nimeshaitwa mara mbili kwenye nyumba za watu nimekuta kundi limetua chini ya sola na mwenye nyumba kaniambia "nyigu". Nyuki ana manyoya na mwili wa kushiba, sega lake la nta, akidunga anaacha mwiba na anakufa. Nyigu anachomoa anarudia, tena na tena. Kama ni nyuki usiwaguse, ita mfugaji, Tabora hata huna haja ya kutafuta, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapo hapo mjini kwako. Na ule moshi wetu usijaribu kwa nyigu. Nyuki akisikia moshi anakimbilia kujaza asali tumboni akidhani msitu unaungua, anashiba anapoa. Nyigu hana asali ya kuwahi, atatoka nje kukuuliza.

Rubani_wa_Ndotoni

Hao wafinyanzi wa Bi Mwanga msiwachukulie poa. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair, Boeing 757, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka Puerto Plata kule Jamhuri ya Dominika, watu 189 wote wakafa. Kale kamrija ka nje kanakopima mwendo kalikuwa kameziba, marubani wakapata mwendo wa uongo. Mrija wenyewe haukupatikana ila wachunguzi walimshuku nyigu wa udongo, maana ndege ilikaa chini siku kadhaa bila kufunikwa mirija.

Kiboko_ya_Dagaa

Mtu kauliza habari ya friji, we umeleta Boeing.

Mwana_Ipuli

Mzinga sio nyuki, nimechungulia na darubini ya mtoto ya shule nimeona miguu mirefu inaning'inia. Na kwenye bomba la waya linaloshuka ukutani kuna udongo umeziba mdomo, kwa hiyo nina wote wawili, karatasi na tope.

Tumbaku_Boy

Haya petroli nimeondoa. Basi tumia bomba la mgongoni, weka dawa ya wadudu ile tunayopiga shambani, ukisimama chini inafika juu bila ngazi. Ntakuambia jina pm.

Nesi_wa_Kasulu

Kijana, nyumba ya huyu baba nina hakika ina gata na simtanki. Kaka Mwana Ipuli, nadanganya?

Mwana_Ipuli

Hudanganyi dada. Maji ya Ziwa Victoria tunayo siku hizi ila ya mvua ndo ya kunywa, mama mkwe hataki mengine.

Nesi_wa_Kasulu

Basi sumu ya shamba ikimwagwa kwenye bati, mvua ya kwanza inaishusha kwenye tanki na mnakunywa nyumba nzima. Mdudu mmoja mnamuondoa, watu saba mnawalaza. Dawa ya shambani haipandi kwenye bati la maji ya kunywa, hata hayo mabomba ya mgongoni yaliyopigia tumbaku usiyakubali, hayatakati.

Sikio la mtoto linaendeleaje? Akidungwa osha kwa maji na sabuni, kanda na kitambaa cha maji baridi, kama ni kidoleni vua pete haraka kabla hakijavimba. Kuvimba pale pale na kuwasha siku mbili tatu ni kawaida, dawa ya mzio kama piritoni au setrizini inasaidia. Ila ukiona vipele mwili mzima, midomo au ulimi unavimba, sauti inakuwa nzito, kifua kinabana, anatapika au anaishiwa nguvu, hapo usipake kitunguu, usipake dawa ya meno, usimngoje baba arudi kazini. Hospitali hapo hapo, anahitaji sindano ya adrenalini na ni suala la dakika. Na mtu aliyewahi kudungwa akapona vizuri asijitape, mwili unaweza kuja kukataa mara ya tatu au ya kumi.

Mwana_Ipuli

Mrejesho wa kwanza. Msinicheke.

Sikusubiri mmalize kushauriana. Juzi jioni saa kumi na mbili na nusu, kigiza ndo kinaingia, nikachukua kopo la dawa ya mbu ile ya kupuliza nikavaa tochi ya kichwani nikapanda. Nikawaza dawa ya kopo ni ya ndani haina shida na tanki. Nimepuliza mara moja. Mkuu, walikuja kwenye ile taa kama mabasi yanakuja stendi. Taa yenyewe iko kwenye paji la uso wangu. Mmoja kope, wawili mdomoni, mmoja kaingia kwenye kola sijui aliishia wapi. Kopo nikaachia, ngazi nikashuka kwa mgongo, nikakimbilia bafuni nikafunga na komeo.

Mama mkwe kasimama nje ya mlango wa bafu anasema "niliwaambia waacheni." Mdomo umekuwa kama wa kambale, ofisini leo nimesema ni jino.

Kiboko_ya_Dagaa

Natafuta pa kucheka kazini hakuna 😭😭😭 Mkuu pole lakini "kama mabasi yanakuja stendi"

Bi_Mwanga

Pole baba. Na lile kopo ni gesi inayoshika moto nalo usipulize karibu na waya za sola.

Mzinga_wa_Gome

Makosa yalikuwa mawili. Saa kumi na mbili na nusu bado wanaona na wengine ndo wanarudi nyumbani. Na taa nyeupe kichwani, mdudu wa usiku anafuata mwanga, we umejifunga shabaha. Nenda alfajiri ya saa kumi na saa kumi na moja, baridi ipo, wamejikunja kwenye sega wazito. Tochi iweke mbali pembeni juu ya ndoo au mpe mtu mwingine, uifunge na mfuko mwekundu, rangi nyekundu hawaioni vizuri.

Dawa ni sabuni. Sabuni ya maji ya vyombo, vijiko vinne vya chakula kwa lita ya maji, ndani ya kale kabomba kadogo ka mkononi ka kunyunyizia maua, kapya. Mdudu anapumua kwa vitundu vya ubavuni, maji matupu yanateleza juu ya mwili wake lakini ya sabuni yanaingia mle ndani, anazama akiwa hewani. Usirushe kwa mbali kama unamwagia ng'ombe. Nyunyiza karibu, mfululizo, sega lote lilowe kabla hujagusa kitu. Na usimponde hata mmoja, akipondwa anaacha harufu inayowaita wenzake.

FundiWaya

Na mimi niongeze ya kwangu. Jioni ile ile kabla ya kulala shusha breka ya paneli kwanza ndo uje ya betri, usigeuze. Alfajiri unashughulika na nyigu tu, zile plagi nyeusi za kuungia waya za paneli, zinaitwa MC4, usizichomoe wala kuzivuta hata ukiona imelegea. Kwangua tope kwa kipande cha mti, usitumie kisu wala bisibisi karibu na waya. Ngazi ifungwe kamba juu na mtu aishike chini. Na kaa kwenye ngazi, usikanyage bati, maana bati lenye umande halafu umelipiga sabuni ni barafu. Nyigu akikudunga utavimba, ukidondoka kutoka futi kumi mgongo haurudi.

Maji ya kusuuza vioo yapige asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijapanda. Kioo kikishapata moto wa saa sita ukakimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, nimeona. Na sabuni isikaukie juu ya kioo, itakamata vumbi.

Halafu lile gata lako, toa ule mpira wa tanki upeleke maji nje siku hiyo.

Mwana_Ipuli

Mrejesho wa pili, huu ni mrefu.

Jumamosi niliamka saa kumi kasoro. Koti la mvua, gamboti, glovu za kufulia, kofia ya pama na kipande cha chandarua nimekishonea pembeni hadi kifuani, nikajitazama kwenye kioo nikaona nafanana na bibi harusi wa kwenye msiba. Shemeji kashika ngazi, mtoto mkubwa kashika tochi kwa mbali ikiwa na mfuko mwekundu. Wife kasema hatoki ndani.

Nikapanda taratibu, chandarua kinaniziba pumzi. Kwa ile taa nyekundu nikaona ya kwanza. Wakuu, ni kama ua. Linaning'inia kwenye fremu kwa kauzi, na wenyewe wamelala juu yake wameelekea ndani, miguu imekunjwa, antena hazichezi. Nikasogeza bomba hadi kama hatua ya mkono nikaanza kunyunyiza. Kwa sekunde mbili hivi hakuna kilichotokea. Halafu wakaanza kudondoka, tap, tap, tap tap tap kwenye bati, kama mtu anapukuchua mahindi juu ya sinia. Wawili watatu walijaribu kuruka wakaanguka hapo hapo. Hakuna aliyenifikia. Nimetetemeka lakini.

Masega saba. Makubwa mawili yanafika kisahani cha kikombe cha chai, mengine kama kifuniko cha chupa ya soda hadi kiganja cha mtoto. Nikayang'oa kwa kipande cha fito nikaweka kwenye ndoo. Ukiyashika hayana uzito kabisa, ni kama kushika karatasi ya kufungia karanga. Halafu tope sasa. Lilikuwa kwenye kona za fremu, kwenye kile kiboksi cheusi cha mgongoni mwa paneli, na donge moja kubwa kama ngumi limekaa kwenye maungio ya waya katikati. Hilo la kwenye maungio niliogopa nikaliacha kama FundiWaya alivyosema.

Saa moja na nusu nimeshasuuza vioo, nimeoga, nimekunywa chai najiona mwanaume. Saa nne nikawasha. Saa sita nikasimama mbele ya kontrola na shemeji nimwonyeshe 900.

440.

FundiWaya

Nilisema.

Mwana_Ipuli

Ulisema mkuu. Nimekaa chini kwenye sakafu kabisa.

Nikatafuta fundi mwingine, kijana mmoja wa Cheyo, nikamwambia ukweli kwamba kulikuwa na nyigu na sasa hakuna. Kaja Jumapili, kitu cha kwanza kafunika paneli zote nne kwa turubai na blanketi, kapima na mita kaona zimelala, ndo akagusa lile donge. Kalibomoa pole pole. Ndani yake plagi imeyeyuka. Nyeusi, imekunjamana kama plastiki iliyotupwa jikoni. Kaikata kanionyesha: ule mwiba wa chuma wa ndani aliyefunga mwanzo aliubana kwa playa ya kawaida badala ya kile chombo chake, waya ulikuwa umeshikilia nyuzi chache. Miaka mitatu ukawa unapata moto kila mchana mpaka ukakata. Nyigu yeye kakuta kitu kina uvuguvugu kajenga zake.

Fundi kabadilisha plagi zote nane maana anasema aliyebana moja vibaya kabana zote. Kawasha. Saa saba mchana imesoma 930.

FundiWaya

Bora haikuwasha bati. Hizo plagi zilizobanwa kwa playa ndo zinachoma nyumba za watu halafu tunasema shoti.

Tumbaku_Boy

Na mimi nilitaka umwagie petroli hapo 😶

Bi_Mwanga

Eeh baba, ungemwagia petroli kwenye plagi inayowaka.

Sasa wasirudi ufanyeje? Mi kwenye inverta kila mwisho wa mwezi naifuta na brashi ya rangi kavu, matundu yote. Ila juu ya bati siwezi kupanda kila mwezi na umri huu.

Mwana_Ipuli

Nilikuwa nawaza nizungushe wavu wa kuku pembeni mwa paneli zote.

Mzinga_wa_Gome

Wavu wa kuku nyigu anapita anapiga mluzi. Unazuia njiwa tu.

FundiWaya

Na ukisema uweke ule wa madirishani wa mbu atazuilika kweli, lakini Tabora hii kufika mwezi wa nane umejaa vumbi umekuwa ukuta. Paneli inataka upepo chini yake. Kila digrii moja ikipanda juu ya 25 unapoteza kama asilimia 0.4. Bati la Oktoba linaipeleka 65 bila wasiwasi, hapo umeshapoteza asilimia 16 na hujaziba kitu. Ukiziba na upepo unakwenda zaidi. Watu wengine wanaziba na bati la pembeni ili ipendeze, wanashangaa baadaye.

Mi ningeziba mdomo wa lile bomba la waya kwa silikoni, na pengo la ukutani zinapoingilia. Vile vitundu vidogo vya chini ya fremu uviache, ni vya kutolea maji ya mvua. Basi. Mengine ni macho.

Mzinga_wa_Gome

Macho ndo penyewe. Sega linaanza na malkia mmoja au wachache, kuanzia mvua za kwanza mwezi wa kumi na moja. Ukiliona wakati ni saizi ya kifuniko cha soda unaligusa na fito ndefu ukiwa chini na yanaisha. Mwana Ipuli alianza kuwaona mwezi wa pili akasema "aah manyigu tu", kufika mwezi wa nne ndo kijiji.

Halafu yale ya mbali na njia za watu yaache. Hao wanachukua viwavi kutwa nzima wanapeleka kwa watoto wao. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017 mi nyigu wa shambani simgusi.

Nesi_wa_Kasulu

Na mdomo wa baba umerudi?

Mwana_Ipuli

Umerudi dada, asante. Mtoto pia mzima, sasa anadai ndo yeye aliyeua maana alishika tochi.

Wakuu asanteni wote. Yule fundi wa kwanza kapokea simu jana kwa mara ya kwanza. Kaniuliza kama kijiji bado kipo, nikamwambia hakipo, akasema basi kesho anakuja kusafisha vioo. Nikamuuliza ni nani aliyebana zile plagi miaka mitatu iliyopita. Mtandao ukakata.

Kiboko_ya_Dagaa

Subiri kwanza. Kumbe aliyekimbia ndo aliyefunga???

Mwana_Ipuli

Ndo yeye mkuu.

Bi_Mwanga

Na mama mkwe anasemaje kuhusu neema yake?

Mwana_Ipuli

Mama kagundua sega lingine dogo kwenye mwembe wa nyuma, juu ya bamia zake. Kaweka kiti chake hatua kumi kutoka pale anakaa jioni anayaangalia, na kanipiga marufuku kupita huko na bomba la sabuni.